Wote Tulibashiri Ushindi

Jumatatu, 18 Agosti

Treni imechelewa, basi la Smithfield nimelikosa. Nimeingia ofisini nimelowa. Hakuna aliyeniambia neno, lakini nimeshinda kutwa nzima kama mtu anayengoja kuitwa. Ankara za ghala zilikuwa nyingi. Kila moja nimeihakiki mara mbili. Moja niliihakiki tena baada ya kuituma, kana kwamba ningeweza kuirudisha.

Jumatatu ni siku ya ubashiri ofisini. Kila mtu anachagua timu ya raga anayoona itashinda mwisho wa wiki. Darren, anayekaa meza ya mbele yangu, amebashiri timu yake mwenyewe kufungwa. Timu hiyo anaipenda tangu utotoni, hata nembo yake ameichora mkononi. Nikamwuliza haogopi. Akaniuliza aogope nini. Nikarudi kwenye ankara zangu.

Nyumbani Mount Druitt, huku pembezoni mwa Sydney, habari ni moja tu: fainali ya soka ya vyuo, Jumamosi ya wiki ijayo. Chuo cha mdogo wangu Amani na kile chuo kikubwa cha mjini. Amani ni kipa. Mama amepika ndizi na maharage, sahani ya Amani ameijaza kuliko yangu. Sinung'uniki. Yeye ndiye anayeruka.

Jumanne, 19 Agosti

Amani amerudi mazoezini na uvimbe juu ya sikio. Alirukia mpira, kichwa kikapiga nguzo ya goli. Anasema alilala chini kidogo tu, wenzake wakamcheka, akaamka akamaliza mazoezi. Kocha alikuwa upande wa pili wa uwanja, hakuona.

Amekula nusu ya chakula. Baadaye nimemsikia bafuni akitapika, maji ya bomba ameyafungulia ili tusisikie. Mama alikuwa ameshatoka kwenda shifti kwenye nyumba ya wazee.

Sipendi hali hii.

Jumatano, 20 Agosti

Ameamka amelivuta pazia hadi mwisho. Anasema mwanga wa hapa siku hizi ni mkali. Mwanga wa Agosti, majira ya baridi. Kisha ameweka sufuria ya chai jikoni bila maji, akasimama anaitazama hadi ikaanza kunuka. Jiko nimelizima mimi. Hakuonekana kushtuka.

Nimemwambia twende kwa daktari. Amenijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu. Mimi namwuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza. Tumeishi hivyo tangu aanze shule hapa. Alisema yuko sawa. Alisema kocha ana sheria: aliyegonga kichwa anakaa nje mpaka daktari amruhusu, na hiyo ni wiki kadhaa. Jumamosi ile anakuja mtu kutoka klabu kubwa kumtazama. Kumtazama yeye, Amani, mtoto aliyejifunza kudaka mpira wa makaratasi na kamba kule kambi ya wakimbizi Kigoma.

Akaniomba nisimwambie Mama. Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Sikuahidi. Wala sikukataa. Hiyo ndiyo tabia yangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Wakati wa chakula nimemwuliza Darren, kama vile nauliza kwa ajili ya mtu mwingine, inakuwaje mchezaji akigonga kichwa. Amesema mpwa wake alicheza tena kabla hajapona. Akapata pigo la pili. Dogo tu, anasema, hata halikuonekana pigo. Nikamwuliza yuko wapi sasa. Akasema anaishi na mama yake, ndiye anayemlisha.

Sikumalizia mkate wangu.

Ijumaa, 22 Agosti

Simu haitulii. Kundi la mashabiki limeanza. Karibu wote ni watu wa kanisani kwetu, Warundi, Wakongo, Wakenya wachache. Mzee Bosco ndiye mwenyekiti. Amefungua ubashiri rasmi.

Nakumbuka baadhi. Tatu bila. Nne bila. Tano bila, kwa jina la Yesu. Mmoja aliandika mbili moja, akashambuliwa: hilo moja la adui umelitoa wapi, nani amekwambia uwape? Akafuta, akaandika mbili bila. Mwingine akamcheka, eti huyo ana mkono mrefu kwa jirani na mfupi kwa nyumba yake.

Mgeni angedhani ni watu wasiojua mpira. Wanaujua. Mzee Bosco alicheza beki Bujumbura. Lakini kwetu kubashiri si kukisia. Kinywa huumba. Ukisema tutafungwa, umeshafungua mlango. Mwaka jana tulifungwa katika nusu fainali, na hadi leo wanalaumu kijana aliyeuliza, "Na tukitolewa, basi la kurudi litaondoka saa ngapi?" Siku hizi haji tena.

Mimi huwa sibashiri. Nikiulizwa nasema "tuone". Wameniita Bwana Tuone kwa muda mrefu, hata Amani ananiita hivyo akitaka kunikera. Jioni hii Mzee Bosco ameniandikia mbele ya wote: "Bwana Tuone, safari hii utaona au utasema? Mdogo wako ndiye ukuta wetu."

Ukuta wao yuko chumbani, gizani, taulo lenye maji machoni.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemwambia tena kuhusu daktari. Amenifungia mlango. Ana miaka kumi na tisa, siwezi kumbeba.

Nimefua, nimepiga pasi mashati matano. Naogopa.

Jumapili, 24 Agosti

Ibada ilikuwa kwenye ukumbi tunaokodi Rooty Hill. Baada ya ibada, chai na maandazi kama kawaida. Mzee Bosco akagonga kikombe kwa kijiko, akasema kila mtu atoe ubashiri wake kwa kinywa, si kwa kidole. Wakazunguka. Kila aliyetaja mabao alijibiwa "Amina". Watoto nao, kwa Kiingereza chao. Amani alikaa kwenye kiti karibu na ukuta, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, anatabasamu pale wengine wanapotabasamu, lakini anachelewa kidogo. Hakuna aliyegundua. Mimi niliona.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimepanga kusema "tuone". Nilimtazama Amani, naye akakishika kiti kama mtu aliye ndani ya basi linalokata kona.

Nikasema: "Tutafungwa. Amani amegonga kichwa, haoni sawasawa. Asicheze."

Halafu mtu nyuma akasema, "Futa kauli." Wengine wakadaka: futa, futa hiyo kauli. Hawakusema kwa hasira. Walisema kama watu wanaomwona mtoto ameshika kisu. Mzee Bosco akaja akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu," akasema, "huyu ni damu yako. Unamtamkia nini?"

Nikasema sijamtamkia kitu, nimesema kilichotokea. Mama alikuwa anamtazama Amani. Akamwuliza, "Unaumwa?" Amani akavua kofia, akainuka, akasema kwa Kiingereza kwamba hana tatizo, kwamba kaka yake huota majanga tangu kambini. Watu wakacheka, wamefarijika. Mchungaji, mtu mpole, mimi sina ubaya naye, akampaka mafuta kwenye paji la uso na kuomba. Amani alifumba macho. Sijui kama alikuwa anaomba au alikuwa anapumzisha macho.

Kisha wakanigeukia. Haikuwa imeisha. Kauli hufutwa na kinywa kile kile kilichoitoa.

Nilisimama pale. Nilifikiria Mama na macho ya watu wote hao ambao tangu tufike Sydney wametupa makochi, masufuria, kazi. Nikasema: "Nafuta kauli. Amani ni mzima. Tutashinda."

"Mangapi?" akauliza Mzee Bosco.

"Moja bila."

"Amina," wakasema wote. Mzee Bosco akaniambia moja ni uchoyo, lakini kwa Bwana Tuone ni muujiza.

Dada Wanjiku, Mkenya, nesi, alinifuata nilipokuwa naosha vikombe. Akasema kwa sauti ya chini, "Skiza, hiyo ni kichwa, si mchezo. Mpeleke hospitali leo, usingoje." Nikamwuliza kwa nini hakusema pale mbele. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kikombe kilichokwisha kukauka. Sikumlaumu. Tulikuwa wawili pale kwenye sinki.

Jumatatu, 25 Agosti

Amani hazungumzi nami. Mama amezungumza sana. Anasema nilimwaibisha mbele za watu, kama nilikuwa na neno ningemwambia chumbani. Nikasema basi namwambia sasa: alitapika, hawezi kutazama mwanga, anasahau. Mama akamwita Amani, akamwuliza tena. Amani akasema tangu aombewe kichwa hakijamwuma. Mama akanigeukia. Sura yake haikuwa na ukali, ilikuwa na huruma. Ni mbaya zaidi.

Pengine ni kweli amepona. Nimejaribu kuliamini hilo wakati wa kuoga. Limekaa kidogo, limeondoka.

Jumanne, 26 Agosti

Ofisini nimetuma ankara kwa mteja asiyehusika. Kosa langu la kwanza kazini. Meneja amesema hutokea.

Jumatano, 27 Agosti

Niliomba ruhusa kutoka mapema, nikaenda mazoezini kumwona kocha. Ni mzungu mrefu, mtu wa haki, nilimtegemea. Nikamweleza yote, polepole, kwa mpangilio, kama nilivyojifunza shuleni: nini kilitokea, nini nimeona, nini naomba.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye yule kaka yake wa kanisani?"

Vijana wawili wa timu yake ni wa kanisani kwetu. Walikuwa wamemsimulia kila kitu, kama kichekesho: kaka mtu alivyobashiri timu kufungwa, alivyobanwa, alivyofuta. Kocha akauliza bila dhihaka, "Lakini Jumapili si ulisema mwenyewe kwamba ni mzima?"

Nikasema ndiyo, nilisema. Nikaanza kumweleza kauli ni nini na kufuta ni nini. Kwa Kiingereza inasikika kama wazimu. Nilijisikia nikizungumza na nikajionea aibu, nikanyamaza katikati.

Hata hivyo alimwita Amani. Akamsimamisha kwa mguu mmoja. Akamwuliza uwanja gani huu, mechi iliyopita nani alifunga, akamtajia maneno ayarudie. Amani akajibu yote. Alijifunza, maana maswali hayo huulizwa kila mchezaji aliyegonga kichwa; nilimsikia jana chooni akijisomea kama mtu wa mtihani. Nikamwambia kocha hivyo. Amani akanitazama, akasema kwa Kiingereza, taratibu kabisa, kwamba kuna watu hawawezi kuvumilia kuona ndugu yao akipanda.

Kocha akanishukuru kwa kujali. Akasema atamwangalia kwa karibu.

Nimerudi kwa miguu nusu ya njia. Lile neno la Amani halikutoka moyoni. Alilitoa pale pale ili linifunge mdomo, na limenifunga. Hakuna wa kumwambia tena. Kila mlango ninaoujua nimeubisha, na kwenye kila mlango nimekuta sentensi yangu mwenyewe imetangulia.

Ijumaa, 29 Agosti

Kundini ubashiri umepanda hadi saba bila. Mzee Bosco amepiga marufuku kuvuka saba, asije Mungu akaona tunamfanyia hesabu. Kila mtu anatuma vicheko.

Darren ameniuliza sisi tunabashiri nini kesho. Nikasema moja bila. Akasema ni jibu la mtu mwenye akili.

Mvua ilinyesha mchana, nikaomba isikatike, uwanja ufungwe. Imekatika. Mama amepiga pasi jezi ya Amani na kuilaza kitini kama mtu aliyeketi. Wakati wa kula Amani ameniuliza kama nitakuja. Nikasema nitakuja. Baada ya muda mfupi, kabla sijamaliza sahani, ameniuliza tena kama nitakuja.

Mama alikuwa anachota mboga. Mkono wake umesimama kidogo juu ya bakuli. Halafu ameendelea.

Jumamosi, 30 Agosti

Tumeshinda moja bila.

Ilikuwa hivi. Watu wetu walijaa upande mmoja, vuvuzela, ngoma, bendera za nchi nne. Mzee Bosco amevaa suti. Yule mtu wa klabu kubwa alikaa juu na koti la buluu. Amani alidaka mipira miwili kipindi cha kwanza ambayo sikudhani mtu angeidaka. Watu waliniangalia, si kwa ubaya. Mmoja akanipigapiga mgongoni: "Haoni sawasawa eh? Na wewe ukiwa huoni hivyo tutakupa timu ya taifa." Nilicheka. Nilicheka kweli. Kwa muda mfupi nilidhani nimekosea, na sijawahi kufurahia kosa kama lile.

Bao letu lilitoka kwenye kona. Kisha wakatushambulia tu. Karibu na mwisho mshambuliaji wao akabaki peke yake na Amani. Amani akajitupa miguuni pake, akaukumbatia mpira. Goti likampata kichwani. Halikuwa pigo kubwa. Hata mwamuzi hakusimamisha mchezo. Amani aliinuka, akaupiga mpira mbele, akarudi golini. Uwanja mzima uliimba jina lake.

Mimi nilianza kushuka ngazi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, wote walikimbilia katikati. Amani peke yake hakukimbia. Aliketi chini, mgongo umeegemea nguzo, miguu imenyooka, kama mtu anayeota jua. Mimi ndiye niliyefika kwanza. Alinitazama, mboni ya jicho moja imepanuka kuliko ya jingine. Akaniambia kwa Kiswahili, "Kaka, nipeleke nyumbani." Kisha akalala.

Gari la wagonjwa lilipita katikati ya watu waliokuwa bado wanacheza. Wa nyuma hawakujua. Ngoma zao nilizisikia mpaka mlango ulipofungwa.

Jumapili, 31 Agosti

Damu imevuja ndani ya fuvu. Madaktari hawajampasua, wanangoja waone kama itasimama yenyewe. Nimemtafsiria Mama maneno yao nikipunguza machache. Daktari aliuliza kama aliwahi kugonga kichwa hivi karibuni. Mama alinitazama. Nikajibu mimi. Daktari akaandika.

Ibada ya leo sikwenda. Wao walikuja huku, na vyakula. Mzee Bosco bado na suti ya jana. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia. Akaniambia, "Mwanangu, ulisema." Sikujua ananisifu au ananishtaki. Kwa kinywa changu nilisema haoni sawasawa, nikasema ni mzima. Vyote viwili. Mabao ndiyo niliyopatia.

Hakuna aliyetamka futa. Ningependa mtu atamke. Hakuna cha kufuta.

Jumatatu, 1 Septemba

Damu imesimama. Ameamka. Anatujua mimi na Mama. Wodi haijui, mwezi haujui. Kiingereza amekiacha, wauguzi wakimsemesha ananitazama mimi nitafsiri. Daktari anasema pengine kitarudi, pengine vingi vitarudi, pengine havitarudi, hataki kukisia. Ni mtu wa "tuone", kama mimi nilivyokuwa.

Kocha alipiga simu. Alilia. Nilimwambia asilie, kwa sababu sikujua neno jingine la kumwambia. Yule mtu wa koti la buluu hajapiga.

Jumatano, 3 Septemba

Meneja amenipa wiki nzima. Nakaa hapa. Mama amelala kwenye kiti, viatu amevivua.

Mchana Amani ameniuliza mechi ni lini. Aliniuliza jana pia, nikamwambia imeshachezwa, mmeshinda, wewe ndiye uliyeokoa. Akalia kwa sababu haikumbuki. Baada ya muda akauliza tena, nikamwambia tena, akalia upya. Kila mara ilikuwa habari mpya kwake.

Leo nimesema, "Jumamosi."

Akaitikia kwa kichwa, kidogo, kwa uangalifu. Akauliza watu wanasemaje. Nikamwambia Mzee Bosco anasema saba bila. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Wazimu wale," akasema.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, Bwana Tuone?"

Nikasema, "Moja bila. Mtashinda."

Alinitazama muda mrefu, anatafuta kama namtania. "Wewe? Hata siku moja hujawahi kubashiri."

"Nimebashiri leo."

Akafikiri. Akasema basi inabidi alale mapema, nami nisisahau kumwamsha. Nikasema nitamwamsha. Nikainuka nikavuta pazia, maana mwanga ulikuwa unamfikia machoni.